Ng'ambo ya Mto Fisa Akoroma

Lugovsk, 2 Aprili 1975

Mdogo wangu Lidia,

Natumaini baridi ya Murmansk haijakumaliza. Sisi wazima. Mama kifua kinambana asubuhi, na ukimwambia aende kwa daktari anasema daktari mwenyewe anakohoa, aanze kujitibu yeye.

Hii lakini si barua ya salamu. Juzi kwenye mazoezi limetokea jambo, na nisipokuambia wewe nitapasuka.

Mzee Kuzmich, mpiga kodiani wetu, aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Matangazo ya tamasha la nyimbo za vita yameshabandikwa kila ukuta, Sikukuu ya Ushindi hiyoo inakuja, na kwaya yangu haina mpigaji. Shule ya muziki ikaniazima mwalimu wao mpya, Savva Ilyich Mokrushin. Ni mtu wa makamo, mpole, ana kovu shavuni, amehamia huku vuli iliyopita. Vidole alivyo navyo Kuzmich hajawahi hata kuviota.

Tukaanza wimbo wa kivuko, ule ambao askari anamwomba mwenye pantoni amvushe. Ubeti wa pili unaujua: "Ng'ambo ya mto taa yatetema." Hakuna asiyeujua. Savva Ilyich alikuwa anaimba chini chini huku anapiga, kama mtu aliye peke yake jikoni, na alipofika pale akaimba: "Ng'ambo ya mto Fisa akoroma."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Glafira wa duka la mkate akamwuliza, "Fisa ndiye nani, Savva Ilyich? Mkeo? Maskini, hulali!" Akawa mwekundu, akasema, "Samahanini, ni mazoea. Mimi niliusikia hivyo kwanza."

Lidia, hayo ni maneno ya baba. Wewe hukumsikia, ulikuwa tumboni. Mimi nilikuwa na miaka minane na nakumbuka kila kitu. Aliugeuza wimbo kumtania mama, kwa sababu mama alikuwa anakoroma hadi mbwa anahama baraza. Mama alikuwa anamrushia mwiko. Baba aliuimba hivyo mpaka ile asubuhi gari la farasi lilipowachukua wanaume kwenda vitani, na tulimsikia akiuimba hata alipokuwa haonekani tena barabarani. Sijawahi kuyasikia maneno hayo kwa mtu mwingine. Na tangu alipoondoka, mama hakoromi. Analala kama sungura, sikio moja liko kwenye komeo la geti.

Nilijifanya naokota karatasi za muziki zilizoanguka. Sikumwuliza kitu, naogopa. Mama hajui. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Raisa


Murmansk, 10 Aprili 1975

Dada Raisa,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni na koti langu la kiwandani, bado nanuka samaki, na sikulivua mpaka chai ikapoa.

Unaogopa nini? Yupo! Karatasi tuliyoletewa haikusema amekufa. Ilisema hajulikani alipo. Mtu asiyejulikana alipo yupo mahali, Raisa, ni sisi tu hatupajui. Huku kuna fundi wa meli, mama yake alimlilia akamwombea kanisani kama marehemu, na baada ya vita akaingia mlangoni akauliza kuna supu gani. Wapo waliojeruhiwa kichwa wakasahau majina yao. Wapo waliotekwa wakaona haya kurudi.

Mwulize huyo mtu wako alimsikia baba wapi na lini. Ilikuwa mwaka gani? Alikuwa na nywele nyeupe? Kama ana mke mwingine mwambie simkasirikii. Simdai chochote. Nataka kumwona akitembea tu, basi. Watu wa Lugovsk walikuwa wananiambia natembea kama yeye, nami sijui hata nilivyo.

Ile picha ya familia iliyo juu ya kabati mimi simo. Nimechoka kutokuwemo.

Usimwambie mama bado. Mpaka tumpate.

Lidia


Lugovsk, 17 Aprili 1975

Lidia, mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Nilimwuliza. Nilisubiri wanawake watoke, nikafunga mlango wa ukumbi, nikasema, "Savva Ilyich, Anfisa ni mama yangu." Hakushangaa. Alifunga kodiani taratibu, akasema, "Nilijua uliponiangushia karatasi zile za muziki. Miaka yote hii nimeuimba hivi kila nilipopewa nafasi, harusini, shuleni, kwenye treni. Watu hucheka tu. Sijawahi kuona mtu akigeuka."

Kumbe hayakuwa mazoea. Alikuwa anatutafuta.

Vuli ya mwaka arobaini na mbili walikuwa pamoja na baba, kwenye kinamasi, kando ya mto mdogo. Savva alikuwa kijana ambaye hajaanza kunyoa. Jina la baba hakulijua, wote walimwita Mjomba Vyatka, jina la mkoa wetu, kwa lafudhi yake ya huku kwetu, na yeye akaitikia. Alikuwa anawashonea vifungo kikosi kizima na kuwaimbia wimbo wa Fisa, na wenzake wakawa wanauimba hivyo hivyo, hata ofisa wao.

Kila askari alikuwa amepewa kichupa cheusi na kikaratasi cha kuandika jina na kwao, ili akianguka ajulikane. Unajua askari wetu walivyo. Hawakutaka kuandika, walisema ukijiandika umejiitia kifo. Savva alimwambia, "Andika, Mjomba, una watu kwenu." Baba akamjibu, "Nina mke anayekoroma. Niandike niwe maiti, halafu nani atamwamsha?"

Alikwenda mtoni na ndoo kuchota maji. Savva alimkuta ukingoni, ndoo imesimama, haikumwagika. Alimzika palepale. Kabla ya kumzika alifungua kile kichupa apate jina, akakuta sindano na uzi.

Ndiyo maana tuliletewa karatasi ile, Lidia. Hakupotea. Hakujiandika.

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, naye akanishikia koti langu kama mtumishi wa hoteli. Sasa nikifika nyumbani mama ananiuliza, "Mazoezi vipi?" nami nasema, "Mazuri." Usiku namsikia anageuka kitandani barafu ya mto inapopasuka. Anadhani ni geti. Mimi pia nimeanza kudhani ni geti.

Nimwambie?

Raisa


Murmansk, 23 Aprili 1975

Raisa,

Hapana. Usimwambie.

Siku mbili sikuandika kwa sababu nilikuwa namchukia huyo Savva. Najua si haki. Yeye alimshika baba kwa mikono yake na mimi sijawahi. Labda ndicho ninachomchukia.

Lakini mfikirie mama. Kila Sikukuu ya Ushindi wajane wote wa Lugovsk wanakwenda kwenye mnara wa mashujaa na maua ya shufwa, mawili au manne, kama inavyowapasa wafu, na yeye peke yake anakwenda na witiri, ya walio hai, kama anampokea mtu stesheni. Wanamcheka pembeni, na hajali. Hiyo witiri ndiyo inayomwinua kitandani na kile kifua chake. Ukimnyang'anya atasimama kwa miguu gani?

Toa wimbo wa kivuko kwenye tamasha. Mwambie huyo Savva akiimba nyingine zozote aimbe zilivyoandikwa, na asisogee nyumbani kwetu. Tamasha likiisha arudishe kodiani alikoitoa.

Niahidi.

Lidia


Lugovsk, 28 Aprili 1975

Lidochka mwanangu,

Mimi mama yako. Usitishike na mwandiko, miwani nimeikalia. Raisa yuko mazoezini Nyumba ya Utamaduni, hajui kama nakuandikia, na wewe usimwambie.

Barafu imeondoka mtoni. Mbuzi amezaa. Nimekutumia uyoga wa chumvi kwa mtoto wa Pelageya aliye baharia, akikuletea chupa nusu ujue nusu imo tumboni mwake.

Sasa sikiliza. Dada yako ananificha kitu. Anakula kama ndege, ananiangalia kama niko ndani ya jeneza. Jana nimeona karatasi ya tamasha. Wimbo wa kivuko umekatwa kwa penseli nyekundu! Tamasha la nyimbo za vita bila wimbo wa kivuko ni supu bila kabichi. Watu watang'oa viti. Nikamwuliza, akasema, "Ni mrefu, mama." Mrefu! Juzi wamepiga ule wa waendesha vifaru, na mimi nimefuma soksi nzima kabla haujaisha.

Na huyo mpiga kodiani mpya kila nikipita ananivulia kofia mpaka magotini. Nimemfanya nini?

Wewe hukuwahi kujua kudanganya, tangu mdogo ulikuwa unashika masikio. Niambie kweli, kwa nini wameutoa?

Mama yako,
Anfisa


Murmansk, 3 Mei 1975

Mama mpenzi,

Uyoga umefika, chupa robo tu, huyo baharia ana tumbo kubwa kuliko ulivyodhani. Asante. Nimekula na viazi nikakukumbuka.

Kuhusu wimbo usijisumbue. Raisa aliniandikia. Ni kwamba Savva Ilyich hajui kuupiga vizuri, anakosea ubeti wa pili, na Raisa hakutaka kumwaibisha mbele za watu maana ni mgeni. Ndiyo maana anakuvulia kofia, ana haya. Ni hilo tu.

Vaa kitambaa cha sufu kifuani siku ya tamasha, ule ukumbi una upepo. Na usisimame sana pale mnarani.

Nakubusu,
Lidia


Lugovsk, 11 Mei 1975

Mdogo wangu,

Sijui nianze kukulaumu au kukukumbatia. Ulimwandikia mama nini? Hukuniambia!

Mvua ilinyesha asubuhi yote, kwa hiyo wakatanguliza tamasha, na mnarani tukaahirisha hadi jioni. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wazee na nishani zao, wajane safu za mbele na maua yao magotini. Mama katikati yao, kitambaa cha sufu kifuani, maua mekundu matano.

Tuliimba kama hatujawahi. Savva Ilyich hakunyanyua macho kwenye kodiani. Tulipofika mwisho watu wakapiga makofi, nikainama, nikasema moyoni, tumepita salama. Hapo ndipo mama aliposimama.

"Na wa kivuko je?"

Nikajifanya sikusikia. Akapaza sauti, unaijua sauti yake ya kuitia mbuzi. "Mwanangu Lidia kaniandikia kutoka Murmansk kwamba huyu mpigaji hajui kuupiga. Hebu tuone asivyojua!"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Nyuma wakaanza kupiga miguu sakafuni, "Kivuko! Kivuko!" Savva akanitazama. Sijui uso wangu ulimwambia nini, Lidia, mimi mwenyewe sikujua nataka nini. Akaanza.

Kwaya iliingia bila mimi kuinua mkono. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili kwa desturi ni wa mpigaji peke yake, na Savva akatimiza ahadi aliyonipa, akauimba kama ulivyoandikwa. "Ng'ambo ya mto taa yatetema."

"Sivyo," mama akasema.

Alikuwa hajakaa. Kodiani ikakatika.

"Umekosea. Lidia kasema kweli, unakosea ubeti wa pili. Imba ulivyofundishwa."

Savva akasema kwa sauti ndogo, "Anfisa Timofeyevna, siwezi."

"Utaweza, mwanangu. Umekuja kutoka mbali."

Akaimba. "Ng'ambo ya mto Fisa akoroma." Vijana wa nyuma walicheka, wao wangejuaje. Halafu wakaona safu za mbele hakuna anayecheka, kicheko kikafa mtu mmoja mmoja, na Savva akaendelea peke yake ubeti mzima, machozi yanamtiririka kwenye lile kovu, wala hakukosea hata noti. Mama alisikiliza ameegemeza mkono kwenye kiti cha mbele. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anaimba pamoja naye, Lidia, lakini si kama wajane wanavyoimba. Alikuwa amekasirika kidogo, kama zamani, kama anatafuta mwiko.

Kisha akaketi, akatandaza sketi yake, akasema, "Sasa ndiyo umepigwa."

Mnarani mvua ilikuwa imeacha. Wajane wakapanga maua yao mmoja mmoja. Zamu ya mama ilipofika alisimama pale muda, mpaka nikadhani kifua kimembana, nikamsogelea. Alikuwa anayatazama maua yake. Akachomoa moja, akamgeukia Savva aliyekuwa amejificha nyuma ya watu, akalitia kwenye tundu la kifungo cha koti lake.

"Hili lako. Wewe u hai."

Akainama akaweka yaliyobaki. Manne.

Glafira, ambaye amemcheka miaka yote hiyo, alimshika mkono akamwinua.

Njoo nyumbani. Ukiweza njoo.

Raisa


Lugovsk, 18 Mei 1975

Lidochka,

Raisa anasema unalia kazini. Acha. Hao samaki wana chumvi ya kutosha.

Sikukasirika na uongo wako. Mnadhani mama yenu ni yai. Glafira aliniambia kwenye foleni ya mkate tangu siku ya kwanza ya mazoezi, anacheka hana mbavu, "Bibi Anfisa, mpigaji wetu anaimba eti unakoroma!" Nikaenda nyumbani nikakaa, nikasema wanangu wataniambia. Dada yako kimya. Wewe nikakuuliza kwa mkono wangu, ukaniandikia habari za kitambaa cha sufu. Basi nikaona nimwulize mwenye wimbo, mbele za watu, asipate pa kukimbilia.

Ungetaka kujua kama nilijua. Nilijua, mwanangu. Mume wangu angekuwa hai angekuja, hata kwa magoti, hata na mke mwingine pembeni, angekuja kuniudhi. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine. Hakuna aliyemwona. Sasa mimi ningesimama pale mbele ya mnara niongeze ua moja, na hapo ningekuwa ndiye niliyemuua. Mkono ulikataa. Kila mwaka nilikuwa nasema, akija mtu aliyemwona nitaweka shufwa. Amekuja.

Savva alikuja kwetu Jumapili, nimempikia chapati nyembamba na samli, akala mpaka nikamwonea huruma. Ameniletea kile kichupa. Sindano nzima, haijashika kutu, baba yenu Nikanor alikuwa anaipaka mafuta. Koti la Savva lilikuwa na kifungo kinaning'inia, nikakishonea kwa sindano ile ile na uzi ule ule, ukatosha. Alipokuwa ameketi pale nimeinama kifuani kwake nilimwuliza mto ule ulikuwaje. Akasema mdogo, mtoto angeruka. Nimefurahi kwamba ni mdogo.

Raisa amekuandikia yote, lakini hili hakukuandikia kwa adabu, kwa hiyo nakuandikia mimi. Usiku wa sikukuu nilijilaza na nguo zangu, nikasema nitapumzika kidogo. Asubuhi namkuta dada yako mezani macho mekundu. "Mama," anasema, "umekoroma usiku kucha, kuta zimetikisika. Nilikuja kukugeuza ubavu nikashindwa."

Nikamwambia vizuri ulishindwa. Usinigeuze tena. Kuna mtu anasikiliza ng'ambo.

Njoo mwezi wa nane kwenye uyoga. Tutapiga picha mpya, na wewe utakuwemo.

Mama yako,
Fisa